Machungu ya Nyumbani: Mitishamba Tuliyorithi na Wajibu Wetu
Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandiri siku ya maadhimisho



Awali ya yote tunamshukuru Bhagwan kwa kutukusanya tena katika siku hii ya kukumbuka kuanzishwa kwa mandiri yetu. Tunaishukuru pia Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema, na kwa kutuomba tuseme kwa Kiswahili. Ombi hilo lina sababu mbili. Kwanza, tunao leo majirani zetu wengi ukumbini. Pili, wajukuu wetu, tukubali tusikubali, wanakijua Kiswahili kuliko Kigujarati.

Sisi si waganga wala madaktari. Elimu yetu ilikomea sekondari, kisha tukaingia dukani nyuma ya mizani, hapa hapa Tanga, na tumesimama hapo kwa zaidi ya miaka 40 tukipima viungo na mitishamba. Kwa hiyo tutakayoyasema ni maneno ya mwenye duka: tuliyoyaona nyumbani, tuliyoyauza, na moja ambalo tulilikosea.

Wazee wa Ayurveda walizigawa ladha za chakula katika mafungu sita: utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi. Walifundisha kwamba mlo ulio sawa hauna budi kuwa na zote. Nne za mwanzo hazihitaji mtu kuzisifia. Kila mtoto huzipata kwa hiari yake. Uchungu na ukakasi ndizo ladha ambazo lazima mkubwa wa nyumba azilete mezani kwa nguvu. Katika nyumba yetu mkubwa huyo alikuwa Ba, bibi yetu mzaa baba, aliyefika Tanga kwa jahazi kutoka Kathiawar akiwa bado bi harusi, na ambaye katika sanduku lake la mbao alikuwa na vifurushi vya dawa kuliko vito.

Ulipoingia mwezi wa Chaitra, ambao huangukia Machi na Aprili, Ba alitupanga mstari asubuhi kabla ya chai. Alikwisha kuchuma majani machanga na maua ya mwarobaini, akayatwanga, akayakamua kwa kitambaa. Kila mmoja alipewa funda chache, na baada yake kipande cha sukari guru ambacho hakikutosha kuuondoa ule uchungu. Kule Gujarat, Chaitra ndio mwanzo wa joto kali, na wazee waliamini kwamba uchungu huupoza mwili na kuusafisha usije ukatoka majipu na vipele. Hapa Tanga mwezi huo huo ni mwanzo wa masika, wakati wa mvua, mbu na homa. Hali ya hewa ilikuwa kinyume, lakini Ba hakubadili ratiba. Alisema mti ni ule ule na watoto ni wale wale.

Mti ni ule ule kweli. Mwarobaini asili yake ni bara la India, ukaenea hata ukawa mwenyeji wa pwani yetu. Waswahili waliupa jina kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Sisi tuliuita limdo. Tulipiga mswaki kwa vijiti vyake, tukaweka majani yake makavu katika masanduku ya nguo, na dukani Bapuji, babu yetu, aliyachanganya katika magunia ya choroko na mchele ili kuwazuia wadudu. Hadi leo tunafanya hivyo katika ghala.

Nje ya mwarobaini, sanduku la Ba lilikuwa na mpangilio wake. Kulikuwa na kariyatu, vijiti na majani makavu yaletwayo kutoka India, yanayolowekwa usiku katika bilauri na kuchujwa alfajiri kwa ajili ya mtu aliyetoka katika homa na kukosa hamu ya chakula. Kulikuwa na uwatu, tunaouita methi, kijiko kimoja kikilowekwa usiku na kumezwa asubuhi pamoja na maji yake. Kulikuwa na manjano na ajmo kwa tumbo lenye gesi. Kulikuwa na harde, tunda kavu lenye ukakasi ambalo wahenga wa India walilifananisha na mama mzazi kwa jinsi linavyolitunza tumbo. Harde changa, himaj, Ba aliikaanga kidogo katika mafuta ya mbarika, akaisaga, akatupa chembe tu kwa ncha ya kijiko. Harde hiyo, pamoja na matunda mawili mengine, amla na baheda, ndiyo hufanya ule unga wa trifala unaojulikana sana.

Halafu kulikuwa na mafuta ya mbarika yenyewe. Vijana wa leo hawaijui hofu hiyo. Shule zikifungwa, Jumapili moja ilitengwa. Ba alichemsha maji ya tangawizi, akatia kijiko cha mafuta yale mazito, akasimama mbele yetu mpaka kikombe kikauke. Siku hiyo hakuna aliyetoka kwenda kucheza, na sababu yake haihitaji kuelezwa mbele ya wageni. Jioni tulipewa khichdi laini yenye samli, na tulilala tukiwa wepesi kama unyoya.

Tunapenda majirani zetu wajue kwamba Ba hakukaa na elimu yake peke yake. Uani, nyuma ya duka, alikaa mama mmoja wa Kidigo ambaye nyumba nzima tulimwita Bi Mkubwa. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha kuokoteza. Lakini katika mambo ya dawa walielewana bila mkalimani. Bi Mkubwa ndiye aliyemwonyesha Ba mchunga, ile mboga chungu ya mwituni inayopikwa kwa tui. Ba akaona kwamba mchunga unaifanya kazi ya karela, na tangu hapo ukaingia jikoni mwetu, ukaungwa kwa bizari. Ba naye alipoona binti wa Bi Mkubwa amejifungua, alimpelekea vitumbua vya duara vya uwatu, sukari guru na samli, ambavyo kwetu hupewa mzazi. Bi Mkubwa alicheka sana, kwa sababu siku hiyo hiyo alikuwa amempikia mwanawe uji wa uwatu. Bahari ilikuwa imewatenganisha, na dawa ilikuwa moja.

Wala uchungu haukudharauliwa na wataalamu. Si mbali na hapa, kule Amani katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ni mkwinini, ambao magome yake machungu hutoa dawa ya malaria. Na dawa mseto tunayopewa leo zahanati ina ndani yake kiini kilichotoka katika mmea mwingine mchungu wa China. Mtafiti wa Kichina, Bibi Tu Youyou, alianza kuutafuta katika maandiko ya kale ya tiba ya nchi yake, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini tuzingatie jambo moja. Bibi huyo hakuishia katika kitabu cha kale. Alikichukua kile alichorithi, akakipima, akaona njia ipi ya kukitayarisha inafaa na ipi haifai, na kiasi gani kinatosha. Kurithi lilikuwa jambo la kwanza, na kupima lilikuwa la pili. Sisi tulilishika la kwanza tukaliacha la pili, na sasa hatuna budi kueleza ilikuwaje.

Motabhai, kaka yetu mkubwa, wengi wenu mlimjua. Ndiye aliyekuwa akiketi mlangoni mwa duka na kuwapa watoto peremende. Alipofika umri wa miaka hamsini na kitu aligunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alimwandikia vidonge na kumwonya kuhusu chakula. Kwa miaka michache alivimeza. Kisha akaja mgeni mmoja dukani, mtu mwenye ufasaha, akasema kwamba kisukari ni uchafu wa damu, na kwamba siku 40 za maji ya karela na kariyatu zinaweza kuisafisha damu yote, mradi mtu aache vidonge, kwa kuwa vidonge huizuia dawa isifanye kazi.

Tungeweza kusema kwamba mgeni huyo ndiye mkosaji. Lakini kariyatu ilitoka katika droo yetu. Karela tuliikamua sisi kila asubuhi, na tuliifanya kwa furaha, kwa sababu ilikuwa dawa ya kwetu, ilikuwa dawa ya Ba, na tukiri pia kwamba haikuwa na gharama. Motabhai akajisikia vizuri. Alipungua mwili, na sisi tukamsifu kwamba amekuwa kijana. Hatukujua kwamba kupungua kule kulikuwa ni dalili ya sukari iliyopanda. Siku 40 zikawa miezi minane. Hakwenda kupima hata mara moja, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aende.

Miguu yake ilikuwa imeingia ganzi, na hakutueleza. Siku ya Diwali alivaa viatu vipya, kimoja kikamchubua kidole, naye hakusikia maumivu. Ba alikuwa amekwisha kufariki, lakini sisi tulimkumbuka, tukakipaka kidonda manjano na mafuta ya mwarobaini. Tulipomfikisha hospitali uozo ulikuwa umepanda. Walimkata mguu chini ya goti.

Motabhai aliishi miaka sita baada ya hapo. Alirudi katika kiti chake mlangoni, na magongo yake ameyaegemeza kwenye gunia la dengu. Hakutulaumu hata siku moja. Lakini kila mteja aliyekuja kununua karela iliyokaushwa, uwatu au kariyatu, yeye alimwita kwanza na kumuuliza: "Ndugu yangu, una sukari? Vidonge vya hospitali umeviacha?" Mteja akisema ameviacha, Motabhai aliinua suruali yake akamwonyesha. Tulipoteza wateja kadhaa, nasi hatukumzuia. Alipofariki, swali lile tuliliandika kwa rangi juu ya ubao, nalo limetundikwa pale pale alipokuwa akiketi.

Baadhi ya ndugu zetu hutuambia faraghani kwamba kusema hivi ni kuudharau utamaduni, kwamba dawa za mababu ni sehemu ya dharma na vidonge ni vya wageni. Motabhai naye alikuwa na fikra hiyo. Tunaomba kuijibu kwa mfano ulio wa kwetu wenyewe.

Akina mama wanajua sikukuu ya Shitala Satam. Siku hiyo jiko haliwashwi, tunakula chakula kilichopikwa jana, na tunamwomba Shitala Mata awalinde watoto. Asili yake ni hofu ya ndui. Mgonjwa wa ndui alilazwa pekee, matawi ya mwarobaini yakafungwa mlangoni, mwili wake ukapepewa na kufutwa kwa majani yake. Desturi hiyo ilikuwa na busara: majani yalimpoza mgonjwa, na matawi ya mlangoni yaliwaonya watu wasiingie. Lakini si mwarobaini uliomaliza ndui duniani. Uliomaliza ni chanjo. Sisi wa umri huu bado tuna kovu lake mkononi. Mtu wa mwisho kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa wa mwambao huu huu wa Afrika Mashariki, mji wa Merca nchini Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka. Je, Shitala Mata aliondoka katika mandiri zetu? Hakuondoka. Tunamwomba hadi leo. Maombi yetu yalijibiwa kwa mkono wa mchanjaji, na hakuna haja ya kumchagulia Mungu mkono wa kutumia.

Kwa hiyo tunawaomba mzishike tahadhari chache, ambazo dukani kwetu sasa ni sheria.

Kwanza, ujue unachokitumia, na sehemu gani ya mmea. Mafuta ya mbarika yaliyotayarishwa vyema ni dawa, ilhali mbegu zake mbichi ni sumu inayoua. Watoto wasiachwe wazichezee.

Pili, umjue unayempa. Mafuta ya mwarobaini yapakwe nje tu. Yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kudhuru maini yao walipoyanyweshwa. Mama mjamzito asinywe mwarobaini, shubiri wala dawa yoyote ya kuharisha bila kumuuliza mtaalamu.

Tatu, usafishaji una mpaka. Sanamaki na shubiri huendesha tumbo kwa nguvu. Mtu akizitumia siku nyingi mfululizo, mwili hupoteza maji na madini, na moyo na figo huweza kudhurika. Siku chache zinatosha. Ikipita wiki na tumbo bado gumu, hiyo si kazi ya muuza duka. Hata wazee wa Ayurveda hawakuiacha panchakarma, ile tiba yao ya kusafisha mwili kwa njia tano, mikononi mwa kila mtu. Waliiweka chini ya uangalizi wa tabibu.

Nne, usichanganye kwa siri. Karela na uwatu huweza kuteremsha sukari. Anayetumia pia vidonge au sindano ya insulini huweza kushuka kupita kiasi, akatoka jasho, akatetemeka, akazimia. Mwambie daktari unachokunywa nyumbani. Akikukemea, vumilia, mmekwisha kunywa machungu zaidi ya hayo.

Tano, jihadhari na unga usio na jina. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani katika eneo lao, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Nchini kwetu tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Mwenye kuuza dawa ya siri aulizwe usajili wake, hata akiwa ni jamaa yetu, hata akiwa amevaa shanga za ibada.

Sita, homa ipimwe. Mtoto mwenye homa hasubiri kariyatu ilowekwe mpaka asubuhi. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, akapimwe malaria. Kariyatu itamngoja arudi.

Tukiyashika hayo, hakuna sababu ya kulitupa sanduku la Ba. Mchunga na karela viendelee kupikwa. Methi iendelee kulowekwa kwa kiasi. Ajmo na manjano vibaki jikoni. Chaitra ikifika, mtoto mwenye afya na aonje jani changa la limdo na kipande cha sukari guru, apate kujua kwamba si kila kilicho chungu ni adui yake.

Tunamalizia kwa maombi mawili kwa Kamati na kwa jumuiya yote.

La kwanza ni kwa vijana. Keteni na bibi zenu mwandike. Andikeni jina la mmea kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, kiasi, namna ya kuutayarisha, na nani asipewe. Ba wetu alikuwa hajui kusoma. Alipofariki tulibaki na vifurushi 11 ambavyo mpaka leo hatujui ni vya nini, na hatuthubutu kumpa mtu.

La pili ni hili. Siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, tunamwabudu Dhanvantari, mwenye chungu cha dawa mkononi. Tunapendekeza kwamba kila mwaka siku hiyo, hapa uani chini ya mwarobaini wetu, wawepo wauguzi wa kupima sukari na shinikizo la damu, bure, kwa kila atakayeingia, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo. Gharama ya vifaa vya kupimia familia yetu itaibeba, kwa jina la Motabhai. Kamati ikikubali, tunaomba kiti cha kwanza mlangoni kiwe kile chake. Bado kipo, na bado ni kizima.

Bhagwan aibariki mandiri yetu na mji wetu wa Tanga. Jai Shri Krishna.